Jiwe la Digna Kwenye Foleni

Mwaka 1982 Aikande alikuwa mpishi wa hosteli moja mjini Moshi, mwenye watoto sita, wa kwanza Priska, na chumba kimoja mtaa wa Njoro. Katika maisha hayo yote alikuwa na mahali pamoja tu pa kupumua: benchi la stesheni ya reli. Siku zisizo na treni pale palikuwa kimya, upepo unashuka kutoka mlimani, na hakuna anayekuita mama. Hakumwambia mtu, hata mumewe. Nani angemwelewa mwanamke mzima anayekwenda stesheni kukaa tu?

Asubuhi moja ikasikika kwamba duka la ushirika limeletewa sabuni. Foleni za miaka ile tulizipanga kwa mawe: unaweka jiwe lako, unakwenda zako, na jirani analisogeza mstari ukisogea. Nyuma ya Aikande alikuwa Digna, binti aliyetoka sehemu za Mkuu kule Rombo, mzazi wa wiki tano. Kwao angekuwa bado ndani, akiletewa mtori, supu ya ndizi na nyama, na mama mkwe. Mjini hakuwa na mtu.

"Mama Priska, naomba unisogezee jiwe nikamnyonyeshe mtoto. Nepi zimenishinda, nafua kwa maji matupu."

"Nenda mwanangu, nipo hapa."

Hakuwapo. Duka lilichelewa kufunguliwa, jua likawaka, watu wakaanza kugombana, na stesheni haikuwa mbali. "Nisogezee jiwe langu," Aikande alimwambia mzee Kornel aliyekuwa mbele yake. La Digna hata hakulitaja, alikuwa na haraka ya kwenda kupumzika. Akaketi kwenye benchi lake, na usingizi ukamchukua.

Aliporudi mbio, mstari ulikuwa umefika dirishani. Jiwe lake lilikuwa mahali pake. La Digna lilikuwa mtaroni, limepigwa teke. Alitaka kuliokota aseme kosa ni lake, lakini aliogopa walio nyuma wasije wakamtoa na yeye. Akasogea dirishani, akapewa mche wake wa sabuni. Watu watatu baada yake, sabuni ikaisha.

Digna akaja anahema, mtoto mgongoni.

"Nimechelewa mwenyewe," alisema. "Mtoto alikataa kulala. Nisamehe, mama, nimekusumbua bure."

Aibu ilimpanda Aikande. Akaazima kisu dukani, akaukata mche, akampa nusu. Alidhani angalau moyo utatulia.

Digna aliushika mkono wake kwa mikono miwili, akawageukia watu.

"Mwoneni mama huyu. Ana watoto sita, na bado ananigawia. Hapa mjini sina ndugu mwingine."

Wanawake wakamsifu. Mzee Kornel, aliyeombwa kusogeza jiwe moja tu, alimtazama Aikande usoni, kisha akatazama chini kana kwamba aliyekosa ni yeye.

"Asante sana, mama," Digna alisema.

Aikande alifungua mdomo aseme kweli.

"Karibu, mwanangu," akajibu.