Wazee wa Scotland Kwenye Spika ya Kimulot

Kwenye kituo cha kununua majani chai cha kina Sellah, kule Kimulot, kuna sheria ambayo haikuandikwa popote na hakuna anayethubutu kuivunja. Anayefikisha majani kwenye mizani wa kwanza ndiye anayechagua muziki wa spika mpaka lori la kiwanda lije. Wenzake wasipopendezwa, wanapiga vikapu vitupu kwa viganja na karani anazima. Ukipigiwa vikapu mara tatu, umepoteza zamu yako maisha yako yote. Utasema ni mchezo wa watoto. Njoo basi usubiri lori kwa saa tatu, mvua ikinyesha, watu arobaini wamebanana kibandani, halafu uniambie kama muziki ni jambo dogo.

Sellah alikuwa ameshapigiwa mara mbili, na zote mbili kwa sababu ya bendi moja.

Bendi yenyewe inaitwa The Lanark Kettles, watu wanne kutoka Scotland ambao hata huko kwao ni wachache waliowajali. Sellah aliwajua mwaka wa tisini na saba akiwa kidato cha tatu. Mwalimu wake wa Kiingereza, binti wa Kiskoti aliyekuja kujitolea, alimaliza mkataba wake akamwachia kaseti. Redio ya baba yake iliitafuna kaseti hiyo mara mbili, naye akaiunga kwa rangi ya kucha. Aliimba nyimbo zake akichuma, akikamua, akinyonyesha. Mumewe, Kiplangat, hupenda kusema kwamba alioa mke mmoja akaletewa pamoja naye Waskoti wanne.

Mara ya kwanza kituoni kosa lilikuwa lake mwenyewe, tusimtetee. Alijua kila mtu pale amesikia kuhusu wamisheni wa Scotland, akawatangazia kwamba zile ni nyimbo za kanisa. Watu wakainamisha vichwa. Nganga, mwenye duka la mbolea, akavua kofia kabisa, maana nyanyake alibatizwa na wamisheni hao kule kwao Nyeri. Wimbo wa pili ulipofika katikati, Weldon, karani wa mizani, akamkunjia Sellah uso.

"Mama Nelvine, huyu si anaimba vile alibusu mtu kwa basi?"

Vikapu vilipigwa hadi ng'ombe wa jirani wakakimbia. Mara ya pili, mwaka uliofuata, hawakungoja hata mwimbaji afungue kinywa.

Muda wote huo bendi yenyewe ilikuwa imenyamaza. Ilivunjika mwaka wa 2003, na Moira, yule mwimbaji, akaenda kuendesha basi la shule. Ikapita miaka ishirini na miwili. Halafu juzi Nelvine, bintiye Sellah anayesoma Eldoret, akamtumia ujumbe: "Mum, wazee wako wamerudi. Albamu mpya, nyimbo kumi."

Siku nne nzima Sellah hakuifungua. Aliogopa. Aliogopa kwamba wamerudi wamechoka, wanajiigiza wenyewe, na kwamba wale waliomcheka miaka yote walikuwa na haki. Siku ya tano akatia kisikizi kimoja sikioni, akaingia shambani, akabonyeza.

Sauti ya Moira ilikuwa imeshuka, ina mkwaruzo kidogo, na haikuwa na haraka tena. Gitaa zilizokuwa zikikimbizana zamani sasa zilipishana kwa adabu, na tarumbeta moja ikaingia pale ambapo hukuitarajia. Sellah alijua hali hiyo. Ndivyo chai inavyokuwa baada ya kupogolewa: unaikata hadi ibaki vijiti, majirani wanaona umeiua, unajizuia usiiguse, na ikichipuka inatoa majani laini kuliko ya kwanza. Alilia pale pale mstarini. Alipotazama kikapu, alikuwa amechuma majani manne manne badala ya mawili na chipukizi, magumu, ya kutupa. Hakujali hata kidogo.

Ijumaa iliyofuata alifika kwenye mizani wa kwanza. Weldon alipomwona ametoa simu alimsihi, "Mama Nelvine, weka tu nyimbo za kantri. Hii ni ya tatu."

"Najua kuhesabu, Weldon."

Kisha akawageukia watu. "Leo sidanganyi. Si nyimbo za kanisa. Ni wale wale. Walinyamaza miaka ishirini na mbili na wamerudi, na mimi nimefurahi. Mkitaka kupiga, pigeni, lakini wimbo mmoja ufike mwisho."

Mvua ilikuwa inanyesha sawasawa. Gitaa likaanza polepole, na tayari Janeffer, jirani yake wa shamba kwa shamba, alikuwa amegeuza kikapu chake apige. Sellah akaanza kutafsiri: "Anasema, nimesimama hapa kwa mvua, na si ati sina kwetu. Anasema, mliniambia mnakuja."

Mtu akacheka. "Huyo anangoja lori!"

"Anasema, mkichelewa mtanikuta. Nimezeeka lakini mtanikuta."

Kicheko kikakatika. Na hapo, kutoka nyuma, kikapu kikalia. Alikuwa Mzee Kipkurui, ambaye kwa miaka yote hajawahi kusifu muziki wa mtu. Sellah akahesabu ya tatu. Akafikia simu azime mwenyewe, apunguze aibu.

Kikapu kikalia tena. Kikanyamaza, kikalia mara mbili. Sellah akasimamisha kidole hewani. Mzee alikuwa amefumba macho, na alikuwa anafuata ngoma ya wimbo.

Janeffer akamtazama mzee, akatazama kikapu chake, akaingia naye. Kisha Nganga, juu ya mfuniko wa ndoo. Kiitikio kiliporudi mara ya tatu vikapu arobaini vilikuwa vikienda pamoja, na Sellah alikuwa akiimba kwa sauti yote aliyoificha shambani miaka ishirini na minane, akilia na kucheka, bila kujali nani anamwona.

Honi ikalia. Lori lilikuwa limefika, limechelewa saa mbili na nusu, na hakuna aliyenyanyua gunia.

"Dereva!" Mzee Kipkurui akapaza sauti. "Zima injini. Ngojea hapo kidogo."

Dereva akazima. Sellah akampa Weldon simu na kumwambia aanzishe wimbo upya.