Moshi Ndani ya Kibuyu

Juzi sokoni Garsen nilimwona mama wa Kiorma akitia vijiti vinavyowaka ndani ya kibuyu kitupu, akakifunika na kukitikisa. Harufu ya moshi ule ilinirudisha kijijini kwetu Kulesa, alasiri moja ya Jumapili nilipokuwa mtoto.

Jirani yetu Mama Habiba, naye Mworma, alikuwa ametuletea maziwa ndani ya kibuyu chake, kama alivyozoea kila Mama alipomgawia mahindi. Nilipoonja nikasikia ladha ya moshi, nikadhani yameharibika. Nikayamwaga nyuma ya nyumba, kisha nikasugua kibuyu kwa mchanga na sabuni mpaka harufu ikaisha. Niliona nimemtendea wema.

Alipokuja kukichukua alikinusa.

“Nani ameosha?”

“Mimi. Kilinuka moshi.”

Mama alijishika mdomo. Mama Habiba akacheka taratibu. “Haya, mwanangu. Kesho njoo uwapige ng’ombe wangu sabuni.”

Alipoondoka Mama akaniambia, “Kibuyu kile alipewa na mamake alipoolewa.”

Sikujua kwamba moshi ndio uliokisafisha na kuyahifadhi maziwa, na kwamba nilikuwa nimesugua kazi ya miaka. Asubuhi ile kanisani nilikuwa nimekariri amri ya kumpenda jirani bila kukosea hata neno. Jirani mwenyewe sikumuuliza swali hata moja.

Juzi nilichutama kando ya yule mama, nikamwuliza ni vijiti vya mti gani. Alinieleza kila kitu kabla moshi haujaisha. Mama Habiba tuliishi naye miaka mingi, na muda mfupi kama huo sikuwahi kumpa.