Kikombe cha Bibi Kule Bir

Rafiki yangu, nadhani hata wewe pua imewahi kukurudisha mahali ambapo miguu ilishapasahau. Mimi ilinirudisha mwaka wa pili wa korona, wakati wa baridi, hapa Granville, mtaa wa jiji la ughaibuni ninakoishi, tulipokuwa tumefungiwa majumbani na helikopta ya polisi ikizunguka juu ya mapaa kutwa nzima. Mwisho wetu wa kutembea ulikuwa kilomita tano kutoka nyumbani. Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, kwa hiyo nilikuwa na kibali cha kwenda kazini, na njiani nilimnunulia mahitaji jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama wa Kitibeti aliyekwenda umri. Viazi, maziwa, siagi, siku zote siagi. Naviweka mlangoni kwake, nagonga, nasogea nyuma, tunapungiana mikono na barakoa zetu.

Jumamosi moja nikakuta mlangoni kwangu chupa ya chai. Nikaifungua nikitegemea tangawizi. Ikapanda harufu ya siagi na chumvi, na hapo hapo nikawa na miaka tisa, nimekaa kwenye zulia katika nyumba moja ya milimani India, namtazama bibi yangu akinywa kwa adabu kitu asichokipenda.

Ngoja nikueleze tulifikaje huko. Sisi ni watu wa Machame, lakini baba alikuwa amepata nafasi ya kusomea misitu Solan, mji mdogo uliokalia mgongo wa kilima chini ya Himalaya. Tulikuwa huko mama, baba na mimi, nami nilikuwa nimeshachanganyika na wenyeji kabisa: Kihindi nilikiongea kama maji, pilipili nilikula bila kutoa jasho. Habari hizo zilimfikia bibi mzaa baba. Babu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na Bibi alikuwa peke yake katika nyumba kubwa katikati ya migomba. Akapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, na hakuficha alichofuata. Alikuja kunichukua. Mtoto gani, alisema siku ya kwanza tu, anaanza kuunganisha viganja kifuani kama Wahindi kabla ya kutoa shikamoo?

Mama hakutaka, lakini mkwe habishiwi mbele ya mtoto. Baba alikuwa katikati, na baba akiwa katikati hupendekeza safari. Chuo kilikuwa kimefunga, mvua zilikuwa zimekatika, basi akasema twende tukamzungushe Bibi milimani taratibu, na tukirudi mwenyewe nitasema kama naondoka naye au nabaki. Nilipoulizwa na Bibi nilisema nitakwenda. Nilipoulizwa na mama nilisema nitabaki. Nilimpa kila mtu jibu alilolitaka, na wote wawili nilikuwa nawaambia ukweli.

Tulianza kwa treni ndogo ya kwenda Shimla, ile inayopenya kwenye mahandaki mpaka unachoka kufumba macho. Kila tulipoingia gizani abiria walipiga kelele kwa furaha, na Bibi, Mlutheri wa benchi la mbele, alianza kwa kusali na kumaliza kwa kupiga kelele kuliko wote. Vituoni tulinunua chai kwenye vikombe vya udongo. Bibi alifurahi kugundua kwamba chai huko inaitwa chai, sabuni ni sabuni na kitabu ni kitabu. Akaniambia watu hawa si wageni sana, wamechelewa tu kujifunza yaliyobaki.

Shimla ilikuwa na matofaa mekundu mpaka barabarani, na nyani. Mmoja alishuka kutoka juu ya ukuta akamvua baba miwani. Huko kila mtu anajua kwamba nyani wa namna hiyo hupewa dengu za kukaanga, naye hurudisha mali. Bibi alikataa katakata. Alikuwa amepigana na ngedere kwenye migomba yake tangu ujana, na hakuwahi kumlipa mwizi. Akafunga kanga kiunoni, akachukua fimbo, akamtukana yule nyani kwa Kichaga kizuri cha zamani. Nyani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kutafuna mkono wa miwani. Baba alinunua dengu kimyakimya, na Bibi hakumsemesha mpaka wakati wa chakula cha mchana.

Kutoka hapo tulipanda mabasi ya polepole. Tulilala Mandi, penye mto wenye kelele, tukaenda Rewalsar, kwenye ziwa dogo ambalo Watibeti hulizunguka wakisali, wakizungusha vigurudumu vya sala mkononi, bendera za rangi zikipepea juu ya vichwa vyao. Walizunguka wote upande mmoja, ziwa likiwa kulia kwao. Bibi akageuka akaenda upande wa pili. Mama alinituma nimrudishe, lakini Bibi alisema hawezi kutembea nyuma ya watu wazima kama mbuzi anayechungwa. Mtu unakutana naye uso kwa uso, unamsalimu. Basi alizunguka ziwa zima kinyume na dunia, akimpa mkono kila bibi kizee aliyekuja mbele yake, akimuuliza habari za nyumbani kwa Kiswahili. Wale akina mama walicheka mpaka wakashikana. Alipomaliza duru moja walimgeuza kwa upole, mmoja huku na mmoja huku, na duru ya pili alikwenda nao akiwa katikati, wanaongea wote kwa pamoja, kila mmoja kwa lugha yake. Nilijitolea kutafsiri Kihindi kidogo walichokijua, wakanifukuza.

Baba alimuuliza kama mchungaji wake angependa jambo hilo. Bibi alijibu kwamba kumsalimu mtu si kuhama dhehebu.

Hatimaye tukafika Bir. Huko alikuwa akiishi rafiki wa mama, mwanamke wa Kitibeti ambaye kila msimu wa baridi alishuka Solan kuuza masweta kando ya barabara. Mama alikuwa mteja wake wa kwanza kila mwaka, na maneno kumi ya Kihindi waliyoyajua wote wawili yaliwatosha kuwa mashoga. Alikuwa na nyumba ya mawe, kitanda cha kufumia mazulia, na shamba la viazi nyuma ya nyumba. Juu ya shamba, ghafla tu, milima ilisimama na theluji yake. Bibi aliitazama kwa muda mrefu, mikono nyuma. Kisha akasema ni mizuri, ila ni mingi mno; kwetu upo mmoja na unatosha.

Mwenyeji alitukalisha kwenye mazulia akaanza kuisukasuka chai katika bomba refu la mti, chai na siagi na chumvi. Mlio wake ulimpendeza Bibi, ulimkumbusha kusukasuka maziwa kwenye kibuyu. Ladha ndiyo ilimshinda. Nilimwona akimeza, macho yakiwa yametazama mbele, kama mtu anayekunywa kwinini kanisani. Lakini kwetu mgeni hakibakizi alichopewa. Kubakiza ni kumwambia mwenyeji hajui kupika. Akamaliza. Kumbe kwao kikombe cha mgeni hakiachwi kitupu hata kidogo. Mwenyeji akajaza. Bibi akamaliza. Mwenyeji, akiwa amefurahi kumpata mtu anayeipenda chai yake kiasi hicho, akajaza tena.

Bibi aliniambia nimweleze kwa adabu kwamba ameshiba. Nilimweleza. Mwenyeji akacheka, akamwita ama-la, yaani mama mheshimiwa, akajaza, kwa sababu huko mgeni mwenye adabu lazima akatae kwanza. Walishindana kwa heshima mpaka birika likaisha, na Bibi akalala mchana huo akiwa na tumbo kama ngoma, akiguna kwamba ukarimu wa hawa watu utaua.

Siku zilizofuata zilikuwa za raha tupu. Asubuhi tuliamshwa na tarumbeta ndefu za watawa, zenye sauti nzito ya kutikisa madirisha. Nilifundishwa kukunja momo, yale maandazi madogo ya nyama yanayopikwa kwa mvuke, na yangu yote yalifumuka. Siku ya tatu Bibi aliamka mapema, akamwendea mwenyeji, akanyoosha mkono. Alikuwa anadai jembe. Nilitafsiri mara mbili na mwenyeji hakuelewa mgeni anataka kulima kwa nini. Bibi akaniambia nimweleze kuwa mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwamba yeye hatasubiri kupewa. Mwishowe alipewa kijembe kifupi cha mkono mmoja, akakiita kijiko, akainama kwenye viazi.

Mimi nilikuwa nyuma yake nikiokota viazi kwenye kikapu. Huko ndiko alikozungumza, bila kuinua kichwa.

"Ukija Machame utakuwa na mbuzi wako mwenyewe."

"Ndiyo, Bibi."

"Na mama yako ulimwambia nini?"

Nikainamia kikapu. Alichimbua kiazi, akakipangusa udongo kwa kidole gumba.

"Nyumba ile usiku ina mlio," akasema. "Mabati yakipoa yanalia. Nilipokuwa na babu yako sikuwahi kuyasikia."

Nilimwambia tukiwa wawili hatutayasikia. Akaendelea kulima. Siku hiyo nilielewa kwamba mbuzi na shikamoo vilikuwa visingizio tu, na nikaamua moyoni kwamba nitakwenda naye. Jioni nikamwona mama akikunja nguo zangu polepole kuliko kawaida, akizinusa moja moja, nikaamua tena kwamba nitabaki.

Asubuhi ya kuondoka mwenyeji alitufunga skafu nyeupe shingoni, kisha akapanga vikombe vyetu mezani na kuvijaza mpaka ukingoni. Bibi akashusha pumzi, akanyoosha mkono wake kwa ushujaa. Mwenyeji akamzuia. Safari hii chai si ya kunywa, akasema, nami nikatafsiri. Kwao msafiri akiondoka huachiwa kikombe kilichojaa, kinakaa palepale bila kuguswa, kwa kutaraji kwamba atarudi kukinywa.

Bibi alikitazama kikombe. Kwa siku zote zile alikuwa akiomba kwa Mungu wake aruhusiwe kukiacha, na sasa ameruhusiwa. Alimtazama mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na mabegi. Kisha akakichukua kikombe chake kwa mikono miwili, akanywa polepole mpaka tone la mwisho, akakigeuza juu ya meza.

"Mwambie mimi sirudi huku," akaniambia. "Miguu yangu naijua, sitamdanganya na kikombe." Akaweka kiganja juu ya kikombe changu, bila kukigusa. "Hiki kiacheni kilivyo. Huyu atarudi na mama yake."

Nilitafsiri nusu ya kwanza. Ya pili haikuwa na haja, kwa sababu mama aliisikia kwa Kiswahili, akaweka mabegi chini, akaja kupiga goti mbele ya mkwe wake. Bibi alimwinua kwa kumkemea kwamba basi litatuacha.

Ndani ya basi alinikalisha mapajani, mtoto wa miaka tisa, miguu ikiburuta sakafuni, akaimba nyimbo za kanisani bonde hadi bonde, na abiria wa Kihindi wakampigia makofi. Nililia mpaka nikalala. Yeye hakulia, au kama alilia, alinisubiri nilale.

Mwaka uliofuata mimi na mama tulirudi Bir kweli. Machame tulirudi wote baba alipohitimu, na nilikaa kwa Bibi likizo zote mpaka nikawa binti, nikiyasikiliza naye mabati yakipoa. Mbuzi nilipewa. Sasa Bibi hayupo. Nyumba imeezekwa upya, wala bati jipya halilii. Naambiwa Bir imejaa hoteli na watu wanaoruka angani kwa miavuli, na sijui kama shamba la viazi lipo. Jirani yangu naye, vizuizi vilipolegea, alihamia kwa mwanawe kule ufukweni kaskazini mwa jiji, na ngazi zetu hazinuki siagi tena. Nimeukosa hata ule mgongano wa heshima. Watu wazima wanaolazimishana chai mpaka tumbo liume siku hizi ni wachache.

Lakini tangu ile Jumamosi nilikuwa nimeanza mchezo wangu. Wakati ule kila zamu ilikuwa na habari ya mzee aliyeugua au mwenzetu aliyewekwa karantini, na nilikuwa na hofu, nakwambia wazi. Kila nilipotoka kwenda kazini nilimimina chai kikombeni, nikakijaza, nikakiacha mezani. Binti yangu, mwenye miaka tisa, alikuwa akisoma kwa kompyuta mezani hapo. Ananielewa Kiswahili chote na kunijibu kwa Kiingereza chote. Aliniuliza kwa nini nasahau chai kila siku, nikamsimulia habari za Bibi na kikombe. Alisikiliza, akasema "okay", akarudi kwenye hesabu zake. Nilidhani yameishia hapo.

Shule zilipofunguliwa, asubuhi ya kwanza, alikuwa mlangoni na sare iliyokuwa imeshakuwa fupi kwake, begi mgongoni, barakoa tayari. Nilirudi mezani kuchukua funguo. Kando ya kikombe changu kilikuwepo chake, Milo imejazwa mpaka inamwagikia mezani, na juu yake ameweka kisahani ili nzi asiingie.

"Mum, usikunywe," aliniambia kutoka mlangoni, kwa Kiswahili.