Bwana Wangu wa Mudaka

Mucheke tu, batoto, hata mimi najicheka. Muzee wangu, bwana yangu, alipokufa, nilitoka Nyawera nikapanga kanyumba kule Mudaka, chambre moya ya kulala na salon ya kukaa. Papa bailleur, mwenye nyumba, akaniambia na ile sauti yake ya mbuzi: "Citoyenne, ni weye pekeyako! Nikisikia muntu mwengine mule, unatoka!" Na sikuwa na fasi ingine ya kwenda.

Pekeyangu, nilikuwa pekeyangu kweli. Mangaribi nyumba ilinyamaza mupaka nilisikia maharagi ikitokota. Basi nikaanza kuiga bantu bangu. Nilimuiga binti yangu mwenye aliolewa kule Sange: "Mama, chumvi haiko!" Kisha nilikohoa kama muzee, nikasema na sauti nene: "Maman, leta chakula, njaa inaniuma!" Nami namujibu: "Ngoja, papa, haiyaiva."

Majirani bakasikia. Bakamwambia bailleur kama mujane ameingiza famille muzima, na bwana juu yake.

Siku moya mulango ukagongwa nikiwa mule mule mu sauti ya muzee. Nikajibu nayo: "Nani? Ingiya!"

Bailleur akaingiya, majirani nyuma yake. Akatafuta mu chambre, akatafuta chini ya kitanda, akarudi. Mezani kulikuwa sahani mbili. "Bwana iko wapi?"

Nilitaka kusema ametoka. Koo yangu ya kijinga ikakohoa kama muzee, mbele ya bote.

Bailleur akavua kofia. Akauliza polepole: "Maman, na mimi unaniigaka?"

Nikamujibu na sauti ya mbuzi: "Citoyenne, ni weye pekeyako!"