Furaha ya Alhamisi, Majina ya Ijumaa

Filamu ni ya dakika kumi na nane. Nimeiona mara moja, ukumbini, nimekaa nyuma karibu na mlango. Inahusu maisha ya wanafunzi wanaosomea kuingia udaktari. Anayeonekana zaidi ya wote ni mpangaji wangu, binti wa chumba cha uani. Sura yake imejaa mle ndani, ila mwenyewe hayumo. Ndiyo maana namweleza hapa.

Tunamwita Daktari. Baba yake, dereva wa lori, alianza kumwita hivyo akiwa na miaka sita, siku alipomfunga kuku aliyevunjika mguu bandeji kwenye ule mzima. Jina likashika. Ubaya wa jina kama hilo ni kwamba watu wanakuletea magonjwa kabla hujajua kitu. Muuza mkaa wa jirani alishamwonyesha goti lake mara nne. Mara zote alimshauri aende hospitali, na mara zote muuza mkaa aliondoka akisema binti ana mkono mwepesi.

Alikuja miaka miwili iliyopita. Mke wangu ndiye aliyempokea, hakuniuliza. Nilirudi kutoka kununua uzi nikakuta kitanda kimeshaingia. Nikauliza huyu ni nani. Akasema, "Mjukuu wako." Ikaishia hapo.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona makoti meupe ya chuo cha udaktari kilichopo mwisho wa barabara yetu. Mimi naunga, mke wangu alikuwa anashona matundu ya vifungo kwa mkono. Tangu mwezi wa nne hayupo. Makoti sita yalining'inia bila matundu mpaka Daktari alipoyabeba chumbani kwake akayamaliza. Naye hakuniuliza. Matundu yake si kama yale. Lakini yanafunga.

Watu wanadhani mwanafunzi wa namna hii anapasua watu. Wa maandalizi hapasui hata chura, anamchora tu. Daktari huamka, hukaa ukingoni mwa kitanda, huweka miguu kwenye beseni la maji baridi asisinzie, husoma. Kemia, fizikia, mimea, chura. Huenda darasani, ambako wako mia tatu na kumi na waliochelewa hukaa kwenye madirisha. Hurudi, husoma. Baada ya miaka miwili wanachaguliwa arobaini kuingia udaktari wenyewe. Waliobaki wanaambiwa asante. Koti jeupe ni la waliochaguliwa. Kulijaribu kabla wanaona ni mkosi. Wakipita mbele ya kibanda changu hutazama upande wa pili, kama mtu anayepita kwa mkwe waliyekosana naye.

Sasa chuo kikataka filamu ya kuwaonyesha wazazi siku ya kufungua mwaka. Kazi akapewa kijana tunayemwita Bwana Harusi, kwa sababu amepiga picha harusi zote za mtaa huu na mwenyewe hajaoa. Chuo kikamkodia kamera kubwa. Walimchagua Daktari kwa alama zake nzuri. Nadhani pia kwa sababu chumba chake kina dirisha.

Siku ya kwanza alimpiga picha akisoma. Beseni aliliondoa, akasema linaonekana kama nyumba inavuja. Baada ya saa nzima akaniita pembeni akaniuliza huyu huwa anafanya nini kingine. Nikamwambia huwa anafunua ukurasa.

Siku ya pili akaja na mpango. Alitaka koti na mgonjwa. Koti Daktari alikataa kulivaa, basi likatundikwa kwenye kiti nyuma yake, likakaa kama mtu wa tatu. Mgonjwa nikawa mimi. Kile kidude cha kusikilizia moyo hakuna mwanafunzi wa maandalizi aliyekuwa nacho, kwa hiyo Bwana Harusi alikinunua duka la vitu vya watoto. Nikaambiwa nilale, nipumue kwa shida. Daktari akaniwekea kifuani, akasikiliza. Bwana Harusi akamtaka aseme kwa sauti anachosikia.

"Nasikia plastiki," akasema.

Nikacheka. Tukaambiwa turudie, nikacheka tena. Tangu mwezi wa nne sikuwa nimecheka.

Siku ya tatu ilikuwa Alhamisi, na hapo ndipo kazi ilipokuwa. Majina ya waliochaguliwa yalikuwa yabandikwe Ijumaa. Kamera ya kukodi ilikuwa irudishwe Alhamisi jioni. Bwana Harusi aliliona hilo asubuhi ile ile. Hakushtuka. Alisema harusini kuna wakati keki inakatwa mara mbili, moja ya picha na moja ya watu. Tutapiga zote mbili, akasema, kupita na kufeli. Majibu yakitoka atachagua.

Walianza na kupita. Daktari akimbie kutoka getini aje amkumbatie mtu. Mtu mwenyewe mimi tena. Mara ya kwanza alikimbia polepole. Mara ya pili ndala ilimtoka. Mara ya tatu pikipiki ilipita katikati. Mara ya nne Bwana Harusi akasema ameona maharusi mia mbili, furaha anaijua, hii bado. Mara ya tano muuza mkaa, ambaye hakuwa na habari ya kinachoendelea, alimwona binti anakimbia, akaja na mikono juu kumpongeza. Akaingia kwenye picha. Hiyo ndiyo iliyotumika. Siku ile ni yeye peke yake aliyefurahi kweli.

Kisha kilio. Akaambiwa afikirie kitu kinachomuumiza. Alijaribu, macho yakabaki makavu. Bwana Harusi akaangaza huku na huku, akaona kigoda cha mke wangu, alichokuwa akikalia kushona matundu. Nimekiacha palepale. Akamwambia amfikirie bibi. Si Daktari mwenyewe ndiye aliyemuuguza bibi mpaka siku ya mwisho, akamkata kucha, akamsomea karatasi za dawa.

Daktari akamtazama.

"Kaka, bibi si wa kupigia picha."

Sauti haikupanda. Mimi nikaenda kuwasha pasi, ingawa hapakuwa na nguo ya kupiga. Bwana Harusi si mtu mbaya. Aliomba radhi, kisha akampiga picha mgongo tu, ameinama. Alisema mgongo nao unalia. Yeye ndiye fundi wa hayo.

Ijumaa nilifunga kibanda nikaenda naye. Ubao wa matangazo ulikuwa umezungukwa, tukasubiri wenye nguvu wamalize. Daktari alisoma majina arobaini kutoka chini kwenda juu, kisha kutoka juu kwenda chini. Hakuwemo. Pembeni palikuwa na karatasi ndogo, watu kumi wa akiba. Yeye alikuwa wa pili. Maana yake, kati ya wale arobaini wakijitoa wawili kabla orodha haijafungwa, anaingia. Wasipojitoa, anarudia mwaka mzima, na kurudia ni mara moja tu.

Mchana Bwana Harusi akafika. Akauliza tumepata au tumekosa.

"Niko kwenye akiba," Daktari akamwambia.

"Akiba ni furaha au kilio?"

"Bado haijulikani."

Akashika kiuno. "Hiyo hatukupiga," akasema.

Kamera ilikuwa imesharudi. Akafikiri, akasema kufungua mwaka ni wiki tatu mbele, mpaka hapo wawili watakuwa wameshatoka, basi furaha si ya uongo, imewahi tu. Halafu akasema jambo la pili, taratibu zaidi. Jana jioni baba mtu alimpigia kuulizia habari. Naye, kwa wema, akamtumia kile kipande cha kukimbia.

Baba alikuwa mbali, ana mzigo. Alionyesha kipande kile kila aliposimama. Watu wa mizani ya malori walimnunulia soda. Binti alipompigia simu aeleze, alisikia kelele za pongezi nyuma, simu ikakatika. Akapiga tena, ikaita bila kupokelewa. Alikuwa barabarani.

Jumapili lori likasimama mbele ya kibanda. Baba akashuka na kitambaa cheupe begani, kizuri, cha pamba nzito. Alitaka koti la mwanawe lishonwe kabla hajaondoka, avae yeye akiona. Daktari akatoka uani. Akaninong'oneza, "Babu, mwambie wewe." Nikamwonyesha mdomo wangu una pini. Kweli ulikuwa na pini.

"Mpime, fundi," baba akasema. "Mabega uache nafasi. Madaktari hunenepa."

Nikampima. Alikuwa amenyoosha mikono, futi iko kifuani, ndipo aliposema.

"Baba, sijachaguliwa. Niko wa pili kwenye akiba."

"Nimekuona kwa macho yangu unakimbia."

"Nilikimbia kabla ya majibu."

Baba akatoa simu, akakitazama kile kipande upya, chote, muuza mkaa na mikono yake. Akairudisha mfukoni.

"Sasa ulikuwa unakimbilia nini, mama?"

Mimi nilitoa pini mdomoni, moja moja. Baba akakaa kwenye kigoda cha mke wangu. Hakuna aliyekuwa amekikalia tangu mwezi wa nne. Nikamwacha.

Akaomba aelezwe wa pili ni nini, akaelezwa. Akawaza. Kisha akauliza kama kati ya wale arobaini hakuna mwenye afya mbaya.

"Baba."

"Nauliza tu. Hata pumu?"

Daktari alishusha mikono akakaa chini kwenye vipande vya nguo, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na sikujua yalipogeuka kuwa mengine. Bwana Harusi angelipa apate machozi yale. Baba akamshika kichwa kama anavyoshika mpira wa gia. Akasema tatizo lake yeye ni kwamba ameshawaambia watu, mizani zote tatu. Binti akamwambia wa njiani ni wake, awaambie yeye. Wa hapa atawaambia mwenyewe. Akaenda siku hiyo hiyo, akaanza na muuza mkaa. Muuza mkaa alisema haidhuru, pongezi zake zikae tu hadi zitakapohitajika.

Binti na baba wakaenda kwa Bwana Harusi aitoe ile sehemu ya kukimbia. Alikuwa ameshaikabidhi chuoni. Mkuu wa chuo alikuwa ameipenda, hasa mwisho.

Wiki tatu zile nilikuwa na kazi kuliko mwaka mzima. Arobaini walikuja kupimwa. Mimi naunga, Daktari anashona matundu, matano kila koti. Wengine aliwajua kutoka darasani. Walikuwa wapole naye, wanamwuliza habari za nyumbani, wanapitisha mikono kwenye makoti haraka haraka. Yeye aliwauliza kama yanabana. Hata siku moja hakumwuliza mtu kama ana wazo la kujitoa. Baba yake ndiye aliyekuwa akipiga simu kila siku kuuliza wale watoto wanaonekanaje. Wanaonekana wazima, nikamwambia.

Mmoja alijitoa. Alikwenda kusomea ujenzi wa madaraja. Wa kwanza wa akiba akapanda, koti la yule wa madaraja nikalipunguza mikono likamtosha. Daktari akawa wa kwanza. Orodha ilikuwa ifungwe Jumatatu. Kufungua mwaka kulikuwa Jumamosi.

Baba alikuja na shati lililopigwa pasi na ndevu zimenyolewa. Nilimwambia binti si lazima aende. Akasema wakimkosa ukumbini watadhani yuko kazini anatibu.

Arobaini walikaa mbele na makoti yao. Taa zikazimwa. Tukaonyeshwa geti la chuo, ngazi, chupa za maabara. Nikajiona nimelala napumua kwa shida, na sauti nzito ikisema wanafunzi hawa wanagusa maisha ya jamii. Watu wakaguna kwa huruma. Kisha likaja lile la kusoma. Saa nzima ya siku ya kwanza ilikuwa imebaki sekunde nne: binti kwenye kitanda, kichwa chini, anafunua ukurasa.

Baba akapiga makofi. Peke yake, mikono mikubwa ya usukani, katika ukumbi mzima uliokuwa kimya. Watu wakageuka. Hakuacha mpaka picha ilipobadilika.

Alipokuja kukimbia, na muuza mkaa nyuma yake, ukumbi wote ulishangilia. Baba alikaa amekunja mikono. Mkuu wa chuo akamwita Daktari asimame watu wamwone. Akasimama. Akasema asanteni, akasema yeye hajachaguliwa, yuko kwenye akiba, na waliochaguliwa ni hawa waliokaa mbele. Akakaa. Makofi yalikuwa yameshaanza, na ukumbi ule una mwangwi. Sidhani walisikia zaidi ya safu tatu.

Jumatatu orodha ilifungwa. Hakuna mwingine aliyetoka.

Jumanne akaenda kujiandikisha kurudia mwaka. Dirisha moja lilikuwa la waliochaguliwa, halina watu. La pili lilikuwa la wanaorudia, foleni imefika hadi ngazini. Alisimama tangu asubuhi. Alipofika mbele karani akainua macho, akatabasamu, akamwita mwenzake aje amwone yule wa kwenye filamu. Kisha akamwelekeza kwa heshima kwenye dirisha la waliochaguliwa.

"Daktari, umekosea foleni."

Aliponieleza hayo alikuwa amesimama mlangoni na karatasi yake ya kurudia mkononi, muhuri bado mbichi. Nikamwuliza alimjibu nini.

"Nilimwambia aandike tu, Babu. Nyuma yangu kuna watu."

Akaenda uani. Nikasikia anachota maji, anajaza beseni.