Nilimaliza chuo mapema ili nirudishiwe ada, nikarudishiwa nguruwe

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi mdau aliuliza humu kama vyuo vinavyoahidi kurudisha ada ukimaliza mapema huwa vinarudisha kweli. Jibu langu ni ndiyo. Ila ngoja nieleze nilirudishiwaje. Siongezi chumvi, niliosoma nao wamo humu.

Nilikuwa nasoma diploma ya mifugo kwenye chuo kimoja binafsi upande wa Nduruma. Ada alilipa mama yangu, mjane, mkulima wa kahawa na ndizi kule Nkoaranga. Mwaka wa mwisho aliuza ng'ombe wake wa maziwa ili nisifukuzwe. Tangu hapo akawa anakunywa chai ya rangi bila kusema neno. Huo ukimya ndio ulikuwa unaniua.

Ndipo mkuu wa chuo akatangaza ofa. Atakayemaliza masomo semista moja kabla ya wakati, anarudishiwa ada ya semista hiyo.

Nadhani alitegemea wawili watatu, awapige picha za matangazo.

Wakuu, tulisoma. Likizo hatukwenda. Mpenzi wangu wa Engutoto aliniacha baada ya kumwambia siwezi kuonana naye, nina mtihani wa wanyama wanaocheua. Kuna jamaa alikuwa anabeba sapu, mitihani ya marudio, tangu mwaka wa kwanza, naye akafufuka.

Tukamaliza darasa zima.

Mkuu wa chuo akatuita bwaloni. Mzee mpole sana. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Wanangu, sikujua mna akili kiasi hiki. Siku zote mlikuwa mnazificha wapi?"

Hakuna aliyecheka. Akaeleza kwamba akiturudishia wote, walimu hawatalipwa. Akatuomba tupokee mifugo ya shamba la chuo badala ya pesa. Tulibishana mpaka ugali ukapoa, mwisho tukakubali. Tungefanyaje?

Ikapigwa kura ya nani achukue mnyama gani. Mimi moyoni naomba mtamba, ng'ombe jike mchanga, nimrudishie mama ng'ombe wake. Wenzangu wakapata mbuzi, wengine kuku wa mayai.

Nikaangukia dume la nguruwe. Kubwa kama kabati, halafu lina dharau.

Jumapili nikakodi kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, kumpeleka nyumbani. Barabara ikaisha, ikabaki njia ya miguu, na ile miinuko ya Nkoaranga aliyefika anaijua. Dume akashuka, akautazama mlima, akalala.

Nikakumbuka tulichofundishwa: mvishe nguruwe ndoo kichwani, atarudi nyuma mwenyewe, wewe unamshika mkia tu na kumwelekeza. Nikaazima ndoo kwa watu.

Basi akapanda mlima mzima kinyumenyume, huku tukipishana na waumini wanaotoka kanisani na nguo zao nzuri. Mama alikuwa mlangoni. Kitu cha kwanza kumfikia kutoka chuoni kilikuwa makalio ya nguruwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pesa ya ng'ombe wangu iko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidevu.

Akakaa kwenye kigoda. "Yaani nilipeleka ng'ombe chuoni, wakamsomesha mpaka akawa nguruwe."

Nikamvua dume ile ndoo.

Kesho yake asubuhi jirani yetu, mama Elibariki, akaja na jike lake. Kumbe kule juu walikuwa hawana dume wa maana. Akauliza kupandisha ni bei gani. Mimi bado nawaza kitaalamu, mama akajibu palepale: pesa kidogo, pamoja na mtoto mmoja wakizaliwa.

Baada ya hapo majike yakawa yanapandishwa mlima kutoka vijiji vya chini, mengine yanalala njiani yakisubiri zamu. Wale watoto mama aliwakuza, akawauza, akanunua mtamba.

Mimi naomba kazi mpaka leo.

Funzo: kabla hujakesha na vitabu kwa ajili ya ofa, uliza watarudisha nini, na itakuwaje mkifaulu wote.

Juzi mchungaji alimuuliza mama kama kijana wake aliyemaliza mapema ameshaajiriwa. Mama akamjibu bila hata kutabasamu: "Walikuja wawili kutoka chuoni, mchungaji. Mmoja alipata kazi kesho yake. Huyu mwingine anamsafishia banda."

Nawasomeni, wakuu. Na kama kuna aliyewahi kurudishiwa pesa taslimu, ajitokeze tumwone.