Akta Hashindwi

Juzi, kwa kinyozi mjini Kitale, vijana waliokuwa wakitazama mieleka ya televisheni walibishana. Bora pambano liwe kali, wengi wao walisema. Nani mwema, nani mbaya, si hoja.

Utotoni kwetu Matulo, tulipocheza mieleka, ilikuwa hoja. Mimi, kwa kuwa mkubwa, nilikuwa akta, yule mwema asiyeshindwa. Mdogo wangu Nafula alikuwa adui. Alasiri moja, juu ya mabua ya mahindi yaliyonukia mvua, alinikaba shingo kutoka nyuma. Nilipigapiga chini kusalimu amri. Hakuniachilia. Masikio yalianza kuvuma.

“Akta huwa hashindwi, bana! Si uamke!” alinihimiza, akizidi kukaza.

Mama ndiye aliyemtoa. Kwa muda mrefu niliamini Nafula alitaka kuniua. Kumbe alikuwa akingoja, kwa imani kamili, nishinde.